Namna ya Kugongwa Mara Mbili

Kugongwa mara ya kwanza hakuhitaji mwongozo. Umenunua pikipiki ili ukwepe foleni, unatoka Ubungo kwenda Mwenge, mwenye gari anakata kushoto bila indiketa, na shughuli imekwisha kabla hujaita mama. Kugongwa mara ya pili ndiko kunakotaka juhudi. Kunachukua wiki kadhaa, kunahitaji ushirikiano wa watu wengi wenye nia njema, na gharama zote ni zako. Hatua ni hizi.

1. Inuka upesi

Mtu mzima halali barabarani. Simama, kung'uta suruali, utangaze mbele ya mashahidi wote: "Mimi mzima!" Damu ikiwa bado ya moto hakuna kinachouma, kwa hiyo huu ndio wakati mzuri wa kujipima mwenyewe. Wasamaria watakuburuta pembeni kwa mkono uleule unaoanza kuvimba, na mmoja atakuvua helmeti kwa kuivuta kama anang'oa muhogo. Usimwambie aache shingo yako.

Pikipiki nayo iondolewe haraka, watu wana safari zao. Kama una simu, jipige picha ya goti, uiweke status upewe pole. Namba ya gari, alama za breki kwenye lami na mahali chombo kilipoangukia, hayo mwachie trafiki. Atayachora vizuri sana akifika na kukuta barabara nyeupe.

2. Elewaneni

Bodaboda wa kijiwe cha karibu wameshalizingira gari na hukumu wameshaitoa. Dereva anashusha kioo nusu. "Kaka, yameshatokea. Tusisumbuane na mapolisi, tuyamalize wenyewe." Kubali. Makadirio ya uharibifu hufanywa vizuri na mtu asiyejua pikipiki, tena akiwa amechelewa kikao. Atatazama taa iliyovunjika na saiti mira iliyoning'inia, atahesabu noti, nawe utazipokea huku umati ukisema "mpe mkono, ndugu yako huyo." Mpe mkono. Asubuhi namba yake ya simu haitapatikana, na goti litakuwa limejaa.

Hapo ndipo utakapokwenda hospitali, wakuulize PF3 iko wapi. Fomu hiyo hutoka polisi, na polisi hawana habari nawe kwa sababu mlielewana. Utaikumbuka pia bima. Bima ndogo uliyoikatia pikipiki yako inamhusu utakayemgonga wewe, si pikipiki yako. Iliyokuwa ya kukufaa siku ile ni ya mwenye gari, ambayo sheria inamlazimisha kuwa nayo kwa ajili ya watu kama wewe. Ungeweza hata kuingiza namba ya gari lake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, palepale barabarani, uone kama bima ipo hai. Lakini kampuni ya bima nayo itataka ripoti ya polisi, nawe una mkono ulioshikwa tu, pamoja na noti ulizokwisha kununulia dawa ya maumivu.

3. Mtafute fundi asiye na maswali

Fundi mzuri kwa shughuli hii yuko chini ya mwarobaini, ana spana tatu na redio. Mwoneshe kuwa usukani unatazama kulia wakati tairi linatazama mbele. Atalibana tairi la mbele katikati ya magoti, atashika usukani kwa mikono miwili, atauvuta kwa pumzi moja. Kitasikika kitu kikilia. "Bosi, imekaa."

Usimuulize ilipokaa. Fundi mchoshi angechomoa mabomba ya shokapu za mbele na kuyaviringisha juu ya kioo cha meza. Bomba lililopinda linarukaruka, zima linateleza. Angekuambia pia kwamba bomba lililopinda likapashwa moto na kunyooshwa limepoteza ugumu wake, bora ununue jingine. Huyo anataka kukumalizia hela.

Kisha kuna chesesi. Pale mabomba yake yanapokutana na shingo ya usukani, rangi ikiwa imepasuka kwa mstari mwembamba, huenda chuma chenyewe kimepasuka chini yake. Fundi wako atauona ufa huo kabla yako, atachukua kopo la rangi nyeusi na kupiga mkono mmoja, bure. Shukuru. Ukarimu hauulizwi sababu.

4. Spea: mpe hela, ana mtu wake

Usijisumbue kwenda Kariakoo. Huko utakuta orijino, orijino ya pili, mtumba, na boksi jipya lenye kitu cha zamani ndani, utachanganyikiwa bure. Mpe fundi hela, naye atampigia mtu wake. Usiombe risiti. Usiombe pia kuoneshwa kifaa kibovu kilichotolewa, utaonekana humwamini. Na pikipiki iache ilale kwake siku mbili tatu. Ikirudi inamiss na kunywa mafuta kuliko zamani, utaambiwa ni kwa sababu ya mshtuko wa ajali. Kabureta nazo hushtuka.

5. Ijaribu kwa imani

Fundi ataizungusha hadi kwenye kona na kurudi akicheka. Inatosha. Usinunue uzi dukani ukaupitisha kando ya tairi la nyuma, pande zote mbili, hadi la mbele, kuona kama matairi yamenyooka mstari mmoja. Ukilegeza mikono, chombo kikaelekea Bagamoyo wakati wewe unakwenda Posta, utazoea. Mwili hujifunza kuegemea upande.

Helmeti ifute vumbi uvae. Kwa nje ina mkwaruzo tu. Povu la ndani ndilo lililobonyea badala ya fuvu lako, na likishabonyea halifanyi kazi hiyo tena, ila hilo halionekani, kwa hiyo halipo.

6. Pokea matunda

Sasa subiri. Itakuwa kwenye taa za Morocco, au popote penye bajaji inayofunga breki ghafla. Utafunga na wewe, tairi la mbele litakwenda linakotaka, na safari hii uliyegonga kwa nyuma ni wewe, mwenye kosa ni wewe, na bima yako iliisha mwezi uliopita wakati hela yote ikiwa kwa fundi.

Usiwe na wasiwasi, maneno unayo. Msogelee dereva wa bajaji kwa unyenyekevu umwambie msisumbuane na mapolisi. Ukiona hakujibu, ametoa simu na anapiga picha namba yako, alama za tairi na bampa lake, moja baada ya nyingine, ujue umekutana na mtu ambaye mwongozo huu haujamfikia.