Fundi, Hii Imeharibika au Ndivyo Ilivyo?

Fundi redio wa Mwanza anakula kwa neno moja: kukwaruza. Redio inakwaruza, spika ya duka la nguo inakwaruza, muziki wa daladala unakwaruza, na wenyewe wote wanataka uache. Sikio lake limenolewa miaka nenda rudi kuuwinda mkwaruzo na kuumaliza. Halafu anatokea kijana na kiboksi cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye swichi ya kukanyaga kwa mguu na vifungo vitatu vya kuzungusha. "Shikamoo fundi. Hii haikwaruzi vizuri." Marahaba inachelewa kidogo. Hiyo ni pedali ya ovadraivi ya gitaa, na sijui kifaa kingine mjini kinachonunuliwa ili kiichafue sauti, kisha kikishindwa kuichafua kinapelekwa kutengenezwa. Sasa fundi atajuaje kipi ni ugonjwa na kipi ni kazi? Nadhani kipimo kipo, tena ni chepesi: kelele inayotii mkono wa mpigaji ni muziki, hata ikiwa mbaya, isiyotii ni kasoro, hata ikiwa tamu.

Ndani ya kiboksi hakuna uganga. Sauti ya gitaa huingia kama wimbi, hukuzwa mpaka linavuka kimo, kisha daiodi hulikata kichwa. Wimbi lililokatwa kichwa huzaa sauti nyingine ndogondogo juu ya ile ya asili, na hizo ndizo tunazoziita ukali, moto au upuuzi, kutegemea umri wa msikilizaji. Ukiparaza nyuzi taratibu, wimbi halifikii kimo, linapita zima. Ukizikandamiza, linakatwa. Kwa hiyo pedali nzima hunong'ona ukinong'ona na hufoka ukifoka. Mlaji wa dagaa anaijua habari hii bila kusoma umeme. Dagaa aliyekaangwa vizuri hulia menoni, na dagaa aliyeanikwa mchangani naye hulia menoni, lakini hakuna mtu pale Mwaloni Kirumba aliyewahi kuchanganya milio hiyo miwili. Mmoja unakuja kwa kadiri unavyotafuna. Mwingine unakuja utake usitake.

Tukitumia kipimo hicho, pedali inaachiwa huru katika kesi nyingi. Chukua ule mngurumo unaoanza kabla mpigaji hajagusa uzi: ni kasoro, ila si ya pedali. Umeme wetu wa gridi hugeuka mara 50 kwa sekunde, na sauti ya 50 imeikaribia sana G ya chini ya besi, ambayo ni 49. Adapta isiyochuja vizuri hutoa 100, jirani wa G ya juu yake. Maana yake wimbo ukiwa katika G, bendi imepata mpiga besi wa pili asiyedai posho, na hakuna anayelalamika. Wimbo ukihamia F#, ndipo pedali inapotukanwa. Jenereta la harusini lina vituko zaidi. Majenereta mengi madogo hutoa hiyo 50 injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Wapishi wakichomeka birika la umeme, injini inalemewa, na ikishuka hadi 2,830 hivi mngurumo nao unashuka nusu toni. Hakuna pedali ya ovadraivi inayojua kufanya hivyo. Ukisikia mngurumo umebadilisha ufunguo, nenda jikoni.

Adapta yenyewe ni kesi nyingine. Pedali nyingi za aina hii zinakula volti 9, na hasi hukaa katikati ya kichomeo, chanya nje. Adapta nyingi za nyumbani zimepangwa kinyume, na ile ya ruta ya intaneti mara nyingi ni volti 12. Kichomeo kinaingia bila ubishi wowote, na kuingia kwake ndiko kunakodanganya. Pedali ikipona, ni kwa sababu aliyeichora alitutabiri akaweka daiodi ya ulinzi. Tena pedali nyingi zenye betri hazina swichi ya kuzima umeme: waya wa gitaa ukiingia tunduni, imewaka. Anayelala bila kuuchomoa atakuta sauti ya kesho yake inakatikakatika kama mtu anayeongea huku anasinzia, na ataanza kulaumu spika. Apime betri kwa ncha ya ulimi kwanza. Ikiuma sawasawa ni nzima. Ikiwa kama limau la juzi, imechoka. Kifungo kinachotoa "chrrr" kila kikizungushwa kina vumbi tu, au kutu ya unyevunyevu, na kelele ile haijali umepiga noti gani. Hiyo ni kasoro halali, mpe fundi afanye kazi yake.

Kuhukumu utamu wa sauti ni kugumu zaidi, kwa sababu watu huhukumu chumbani. Ibanez Tube Screamer, pedali ya kijani iliyoigwa sana, hupunguza besi na kuinua sauti za kati, karibu na mizunguko 700 kwa sekunde. Ukiwa peke yako kitandani inasikika ya puani, kama mtu mwenye mafua anayesoma taarifa ya habari. Ingiza ngoma, besi na kinanda, na pua ile ile ndiyo inayopenya mpaka meza ya nyuma. Ile uliyoipenda chumbani, nene na ya kutetemesha vyombo, ukumbini inamezwa na besi mzimamzima. Wapiga solo wengi wajanja hushusha kabisa kifungo cha ukali na kupandisha cha sauti, hivyo pedali inaisukuma amplifaya tu, mkwaruzo wake ukibaki kama chumvi.

Mzee wa dansi atanikatiza hapa. Mwanza inaitwa Rock City kwa ajili ya mawe, atasema, na jiwe la Bismarck limekaa majini siku zote hizo bila kuomba ovadraivi. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa upande wa Shirati, ufukwe huu huu wa ziwa, alitikisa Kenya kwa benga ambayo sifa yake ni noti kusikika moja moja, kama sarafu zinazodondoka sakafuni. Ni kweli, na pedali inayofunguliwa mpaka mwisho ili kuficha vidole vizito ni wizi. Ila asiseme mkwaruzo ni wa kigeni. Ilimba ya Wagogo hutobolewa matundu yakafunikwa kwa utando wa buibui, makusudi, ili kila noti ije na mlio wa nyuki. Konono No. 1 wa Kinshasa walipaza likembe zao kwa vipaza sauti vilivyoundwa kwa sumaku za magari mabovu, na dunia ikalipa kiingilio kusikiliza mkwaruzo huo.

Pingamizi lililobaki linanisumbua kidogo. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks aliikata spika yake kwa wembe, wakarekodi "You Really Got Me". Kwangu hilo linaingia kwenye kanuni: karatasi iliyochanika hutulia ukipiga taratibu na hulia ukikandamiza. Lakini spika iliyotafunwa na panya nayo inatii vivyo hivyo, na sioni njia ya kumtoa panya nje ya sanaa bila kumtoa Davies pia. Labda tofauti ni kwamba mwenye wembe alijua alichokitaka. Panya tunamkadiria tu.

Fundi hana haja ya kufika huko. Akiwasha kiboksi, amwambie kijana apige taratibu, kisha apige kwa nguvu, na asikilize kama mkwaruzo unapanda na kushuka na mkono. Ukipanda na kushuka, pedali ni nzima na mgonjwa ni adapta, au vidole. Basi afunge kifuniko, arudishe skrubu zote nne, adai hela ya kufungua.