Jinsi ya Kushindwa Kibo kwa Heshima

Umeshatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba tarehe 9 Desemba bendera utaipeperusha kileleni mwa Kilimanjaro. Vizuri. Sogea karibu sasa, nikufundishe namna ya kutofika, ukashuka kichwa juu na vidole vyote kumi.

1. Mkariri Meyer. Hans Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1887 alifika kwenye barafu, akaona vifaa alivyonavyo havitoshi, akageuka. Hilo linamtosha shemeji yeyote mwenye maneno.

2. Kodi kila kitu, isipokuwa buti. Jaketi zito, glavu, fimbo, vyote vinakodishwa Moshi. Buti ziwe zako, tena zilizokwisha kuuzoea mguu wako. Na fulana ya pamba iache nyumbani: ikilowa jasho haikauki, na usiku wa kilele baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri.

3. Piga picha mapema. Pale Horombo, mita 3,720, bado unacheka, midomo haijapasuka, na Kibo iko nyuma yako imevaa theluji. Baada ya hapo simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi humaliza chaji upesi.

4. Hii ndiyo siri kubwa: kata shauri la kugeuka ukiwa bado chini. Hewa ya juu inakunyima oksijeni, na kichwa kisicho na oksijeni hakijijui kwamba kimechoka. Kitakuambia, "Bado kidogo tu." Usikipe nafasi hiyo. Jioni pale Kibo Hut, kabla hujalala, mvute mwongozaji pembeni umwambie: "Kaka, ikifika saa moja asubuhi sijaona bango la Gilman's, nigeuze, hata nikikulilia." Mwombe akuahidi. Amewaona wengi wakilia, hatashangaa.

Na saa ina maana yake. Safari inaanza karibu na saa sita usiku kwa sababu changarawe iliyoganda inashika mguu. Theluji nayo ni hivyo hivyo. Alfajiri ni ngumu, unatembea juu yake. Jua likishapiga inalainika, mguu unazama, buti zinalowa, na kila hatua inakula nguvu ulizoziweka akiba ya kushukia. Anayeng'ang'ania kupanda saa nne asubuhi anajitafutia njia mbaya ya kurudi. Miwani ya jua usiisahau. Mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho, hata siku ya mawingu.

5. Ukifika Gilman's, mita 5,685, unaruhusiwa kuishia hapo. Bango lipo, piga picha. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ni mwendo mrefu kwenye ukingo wa kasoko, na theluji ikiwa nyingi njia inateleza. Hifadhi hutoa cheti kwa aliyeishia Gilman's, na kwa aliyeishia Stella pia, kwa wanaopandia Barafu. Ni cheti halali. Kitie fremu.

6. Ukianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka, au kuhema na kukohoa hata ukiwa umekaa, saa ya makubaliano imekwisha. Shuka hapo hapo, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama bango unaliona. Dawa ya kwanza ni kushuka. Usibaki nyuma peke yako "upumzike kidogo" kwenye theluji.

7. Bahasha ya wapagazi usiipunguze hata shilingi. Maji na chakula chako walivibeba vilevile, na aliyekushika mkono gizani akakuteremsha alifanya kazi ngumu kuliko ya kukufikisha. Mwongeze.