Sukari ya Getini

Jumatatu
Bosi katangaza: kila atakayeingia getini akiwa amefunga mkanda, awe dereva au abiria, apewe tiketi. Ijumaa ni droo, zawadi sukari kilo 5. Amesoma kwamba viwanda vya Marekani vilitoa zawadi za namna hii miaka ya 1980, wakati majimbo mengi hayakuwa na sheria ya mkanda. New York ndiyo iliyotangulia, mwaka 1984. Kitabu cha tiketi nimekabidhiwa mimi. Kikaoni liliulizwa swali moja tu: sukari ya hapa au ya nje?

Jumanne
Wote wamefunga. Mlinzi anasema wanafunga wakifika kwenye mwembe, hatua chache kabla ya geti. Tiketi nimetoa. Masharti yanasema getini.

Jumatano
Kijana wa stoo, anayekuja kwa bodaboda, amelalamika kuwa anabaguliwa. Anataka helmeti nayo ihesabiwe. Hoja ina mashiko, imepelekwa kwenye kamati. Kamati haikuwepo, ikaundwa. Posho ya kikao imezidi bei ya sukari.

Alhamisi
Dereva wa Hilux kanunua kile chuma cha kuchomeka peke yake, bila mkanda. Ukikichomeka, kengele inanyamaza. Kifua chake kiko wazi, lakini gari limeridhika.

Mchana nilisafiri na bosi, yeye kakaa nyuma. Mkanda wa huko umefukiwa chini ya kava la kiti tangu gari linunuliwe. Bosi akasema nyuma hakuna hatari. Nikamweleza kuwa gari likigonga, asiyefunga nyuma hurushwa mbele kwa mwendo ule ule liliokuwa nao, akamkute aliyeketi mbele yake. Bosi ni mtu wa mwili. Dereva aliegesha pembeni bila kuambiwa, akaanza kuvua kava.

Ijumaa
Droo. Kashinda mama wa uhasibu, ambaye ana kisukari na amekuwa akifunga mkanda miaka yote bila kuahidiwa chochote. Sukari kaiacha jikoni kwa chai ya ofisi.

Nikamwandikia bosi: tunalipia mikanda ya getini, ilhali ajali ziko barabarani. Tukague barabarani, pale Tazara, siku yoyote, bila taarifa. Kakubali papo hapo.

Jioni tangazo lilikuwa ubaoni, na muhuri juu yake: UKAGUZI WA KUSHTUKIZA, Tazara, Jumatatu saa 1:30 asubuhi. Wote mnaombwa kuzingatia muda.