Mwaridi Usiojua Kupanda

Waama, katika mimea yote iliyopewa sifa isiyoistahili, mwaridi uitwao wa kutambaa umepita kiasi. Mpasheni, ambao hapa Naliendele hakuna aliyepata kuutungia sifa, hutoa nyuzi zake wenyewe, ukazizungusha penye ufito wowote ulio karibu, ukafika darini pasipo kumuudhi mtu. Ama mwaridi hauna uzi wala kidole, una miiba tu iliyopinda kuelekea chini, nayo hushika kanzu kwa bidii kuliko ishikavyo ukuta. Sharti uegemezwe, ufungwe na ubembelezwe, na ujira wa afungaye ni mikwaruzo.

Mkoa huu ulikwisha kuuona mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ukatuachia bandari kubwa na karanga chache. Kwa hiyo majirani zangu, watu wa mikorosho wakaao jirani na kituo cha utafiti wa zao hilo, waliponiona napigilia fito ukutani kwa ajili ya maua hawakustaajabu, bali walinihurumia, kisha wakanisaidia kwa mashauri, jambo lililo zito zaidi. Jirani wa ukuta mmoja alinipa rai ya kamba ya mgomba, kwa kuwa ni laini na haichubui gome. Rai ilikuwa sahihi, hata mbuzi wake waliiafiki, wakazila kamba zote na kuteremshia kwa majani. Mwingine alileta waya, ambao tawi lilipozidi kunenepa ulikaribia kulinyonga. Mwisho tulisalimika kwa uzi wa gunia la korosho, uliopitishwa kwa umbo la nane baina ya ufito na tawi, ili tawi lishikwe na bado lipate nafasi.

Ilibaki kazi ya kupinda. Tawi lililosimama wima hupeleka nguvu zake nchani, likachanua juu ya ukuta, yaani kwa jirani. Likilazwa ubavu, kila jicho huamka likatoa chipukizi lenye ua. Nilikuwa nalilaza tawi nene kuliko yote, mara mzee wetu mmoja akabisha hodi kutuhimiza mchango wa hitima. Tawi likaniponyoka, likaruka juu kwa ghadhabu, likaondoka na kofia yake ya viua. Mzee akajishika utosi, akasema kwa upole, "Bwana, mimi nimekuja kupokea mchango, si kutoa."

Maua yalipojaa upande wetu, jirani alikuja na sura ya madai. "Tumekukosea nini?" akauliza. Mkewe alizoea kuchuma waridi za kuvaa harusini. Nikamweleza elimu ya kulaza matawi; akaisikiliza yote, kisha akanikumbusha kwamba ubwiriunga usumbuao mikorosho una nduguye mwaridini, na kwamba kila msimu apuliziapo salfa mikorosho yake, upepo huutibu mwaridi wangu bure.

Hoja hiyo sikuwa na jawabu lake. Tukasuluhishana kwamba tawi moja liachwe wima, lichanue kwake. Tawi hilo silifungi wala silipindi, na hata leo ndilo pekee nisilogombana nalo.