Mtama Umerudi na Suti

Kijana wetu kashuka Sepuka na pakiti inayong'aa: bisi za mtama, chakula cha afya kutoka mjini. Mtama! Sisi watu wa Ikungi, tunaoshinda shambani na teo tukigombana na kwelea kwelea, leo tunaletewa mtama na basi. Tena kiganja kimoja tu, kwa bei ambayo huku ukiitaja watu wanatafuta debe la kupimia.

Kuonja, nilionja. Ni vipunje vyeupe, vidogo, vimefutuka upande mmoja, na kijiganda chekundu bado kimening'inia. Kwa haki, havikwami kwenye meno kama bisi za mahindi. Kufutuka kwenyewe si uchawi: maji kidogo yaliyo ndani ya punje hupata moto, huwa mvuke, ganda likishindwa kuvumilia wanga unafumuka. Maji hayo mtama wetu ulikuwa nayo siku zote. Ilikosekana lebo.

Umoja wa Mataifa nao uliufanya 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya mtama na ulezi. Hongereni. Mwaka huo huo, humu majumbani, aliyempikia mgeni ugali wa mtama alianza kwa kuomba radhi kwamba sembe imekwisha.

Shangazi alimimina zilizobaki zote mdomoni, akatafuna taratibu, akaigeuza pakiti juu chini.

"Na chumvi, baba, inauzwa peke yake?"