Barua ya Wazi kwa Iliyokuwa Bodi Kuu ya Ushuru wa Bidhaa na Forodha, New Delhi

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi zangu, japo zimechelewa. Wakusanya ushuru wa kawaida hungoja mali getini. Ninyi mliufuata uzi humo humo kiwandani.

Kiwanda kama J.K. Cotton cha Kanpur kilisokota na kufuma pahali pamoja. Uzi ulitoka mashine hii ukaingia ile, jua haukuliona. Mwenye kiwanda akauliza: sijauza, sijatoa kitu nje, nalipia nini? Swali la mtu asiyejua serikali.

Februari 1982 mkamjibu. Kanuni za 9 na 49 zikarekebishwa: kitu kikitengenezwa na kutumika humo humo, kihesabiwe kimeondolewa kiwandani sekunde ile kabla ya kutumika. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaongeza kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu tarehe 28 Februari 1944. Mwingereza alikuwa bado anatawala, vita vinapiganwa! Uzi wa siku zile ulishakuwa shuka, shuka likawa tambara la kupigia deki, tambara likaoza. Mkauamuru uwe umeondoka kiwandani, nao (sifa ya uzi ni utii) ukaondoka.

Mwenye kiwanda akaenda mahakamani, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikawakubalia yote: uzi umehama, na umehama tangu 1944. Ila ikawakumbusha kifungu cha 11A cha sheria yenu wenyewe, chenye ukomo wa kudai: miezi 6, au miaka 5 kwa aliyedanganya. Mlipewa miaka 38 ya haki na nusu mwaka wa kukusanya. Poleni.

Lakini hiyo miaka 5 mngeitumiaje? Mhasibu wa mwaka 1978 angefichaje safari ya uzi ambayo ninyi mliitunga 1982? Angekuwa na kipaji hicho, mngemwajiri.

Hamkukata tamaa. Miezi 6 ikawa mwaka mmoja mwaka 2000, ikawa miaka 2 mwaka 2016, na mwaka uliofuata kodi ya bidhaa na huduma ikaumeza ushuru wa uzi. Kabla hamjafunga jalada, naomba ufafanuzi: pamba iliyo bado shambani, haijachumwa, inahesabiwa imeshahamia wapi?

Wenu mtiifu,
Mvaa Shati la Pamba
(risiti ninayo)