Kofia Inayolipa Nauli

Irabu za Kimeru huvaa kofia, î na û. Wapo pia wanaozivalisha wimbi kama Wagikuyu, ĩ na ũ. Wazee wa hapa Laare husoma zote bila ugomvi. Ugomvi uliletwa na programu ambayo chama chetu kiliuziwa ipange kwa majina zamu za kupokea pesa za mzunguko.

Katibu wetu, mtu wa kuandika majina kikamilifu, aliingiza orodha, akaja kuichapisha kwenye saiba yangu. Kîrîmi akatoka "KÃ®rÃ®mi". Mwenye jina, bunda la miraa kwapani, akaisogeza karatasi machoni. "Hii ® ni ya nini? Nimesajiliwa Nairobi?" Jirani yake wa wimbi alikuwa "KÄ©rÄ©mi". Akajigamba: "Wewe ni chapa tu. Mimi nina hakimiliki."

Unicode imeipa kila herufi namba yake. UTF-8, ambayo Ken Thompson na Rob Pike waliibuni mwaka 1992 kwenye karatasi ya kuwekea sahani hotelini New Jersey, huandika k kwa baiti moja na î kwa mbili. Programu yetu ilihesabu kila baiti kuwa herufi, mithili ya makanga anayemtoza abiria nauli mbili kwa sababu amevaa kofia.

Hayo yalichekesha. Foleni haikuchekesha. Namba ya o ni 111, ya î ni 238, kwa hiyo akina Kîrîmi walitupwa nyuma ya akina Kobia, na pesa hufuata foleni. Halafu ujumbe mfupi: bila kofia unabeba herufi 160, lakini kofia moja tu ikiingia zinabaki 70. Tangazo la mkutano likatozwa mara tatu.

"Mwanangu," mama mweka hazina akaniuliza, "hiyo kofia ni ya dhahabu?"

Nikaiagiza programu isome UTF-8 mwanzo hadi mwisho, ipange majina kwa alfabeti badala ya namba, na î iliyochapwa kama i na kofia pembeni iunganishwe, maana kompyuta huziona herufi mbili tofauti. Mama akaamuru matangazo yatumwe vichwa wazi.

Akina Kîrîmi wakarudi mbele. Jamaa mmoja wa akina Kobia, aliyekwisha kukopa mbuzi kwa kutegemea zamu ile, hadi leo anashikilia kwamba programu ilikuwa sahihi kabla sijaigusa.